Matunzo Kabla ya Kutupwa

Hadithi za kisayansi zinazosimulia jamii zenye watu wa kutumiwa na kutupwa zimezoea kutupeleka uwanjani. Katika The Hunger Games ya Mmarekani Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, mikoa iliyoshindwa vita inatoa watoto wake kila mwaka wakauane mbele ya kamera, na shujaa anatoka mkoa wa wachimba makaa ya mawe. Katika Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka 2021, watu waliozama kwenye madeni wanacheza michezo ya kitoto, anayeshindwa anapigwa risasi, na matajiri waliovaa vinyago wanatazama huku wakinywa. Ni kazi zenye nguvu, na ubaya unaoonyeshwa humo hauna utata. Tatizo liko hapo hapo. Zinamzoesha mtazamaji kuamini kwamba popote watu wanapotupwa pana mtu anayewachukia, anayefurahia, na anayejua vizuri anachokifanya. Mkazi wa Haut-Katanga akiitazama historia ya mkoa wake kwa jicho hilo ataona mambo machache tu: risasi za 1941, na fukuzafukuza ya 1992. Sehemu kubwa itampita, kwa sababu sehemu kubwa haikufanywa kwa chuki. Ilifanywa kwa hesabu, na kwa miaka mingi hesabu hiyo ilikuja na maziwa ya watoto, hospitali na unga wa posho.

Ndiyo maana kitabu ambacho Lubumbashi ingefaa kuanza nacho hakina uwanja wala bunduki. Ni Never Let Me Go cha Kazuo Ishiguro, mwandishi wa Uingereza aliyezaliwa Japani, kilichochapishwa mwaka 2005. Watoto wanalelewa katika shule ya bweni iitwayo Hailsham, mashambani Uingereza. Wana walimu wanaowapenda, wanachora, wanatunga mashairi, wanapimwa afya kila mara, na kosa kubwa kuliko yote shuleni ni kuvuta sigara. Msomaji anachukua muda kutambua sababu. Watoto hao wametengenezwa maabara ili wakikua watoe viungo vyao, kimoja baada ya kingine, kuwatibu watu wengine, mpaka wafe wakiwa bado vijana. Hakuna anayewapiga. Hakuna ukuta mrefu wala mbwa. Wanazunguka nchini kwa magari, wanapendana, wanagombana, na siku zao zikifika wanakwenda wenyewe hospitali. Jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalitilii maanani: Ishiguro hakuiweka hadithi yake katika karne ijayo. Ameiweka Uingereza ya mwishoni mwa miaka ya 1990, nchi ambayo kitabu kilipotoka ilikuwa jana yake. Hailsham ndiyo sehemu yenye ukatili kuliko zote kitabuni, nao ukatili wake ni kwamba matunzo yale ni ya kweli. Walimu hawaigizi. Wanawapa watoto utoto mzuri huku wakijua utoto huo unalelewa kwa ajili ya nani.

Sasa turudi nyumbani. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikaanzishwa 1910, na tanuri la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza 1911. Kampuni ilikuwa na madini kuliko ilivyokuwa na watu, na shirika la kuajiri, Bourse du Travail du Katanga, likatumwa vijijini kuwatafuta. Wakati huo mfanyakazi alikuwa wa miezi michache. Aliletwa, akachimba, akarudishwa, au akafa. Nimonia, homa ya matumbo na baadaye mafua ya 1918 viliua watu wengi kambini, na kila aliyekufa nafasi yake ilijazwa na mwingine. Kilichovunja utaratibu huo hakikuwa huruma. Kuajiri kulikuwa ghali. Watu walitoka mbali, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Safari iligharimu, mafunzo yaligharimu, na aliyekwisha kujifunza mashine alikuwa anaondoka mkataba ukiisha. Ndipo kuanzia mwaka 1928 kampuni ikashika sera iliyoitwa ya kuwatuliza wafanyakazi: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa ya kuja na mke, nyumba za kambi, posho ya familia nzima, zahanati, wodi za uzazi, kantini za kuwalisha watoto wachanga, na shule za wamisionari. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeisimamia kazi hiyo kwa miaka mingi, aliieleza kwa fahari katika kitabu alichokichapisha mwaka 1946. Vifo vilipungua sana, na hilo si propaganda. Watoto waliozaliwa kambini waliishi, wakasoma, wakaingia kazini walikofanya kazi baba zao, na kampuni haikuhitaji tena kwenda mbali kutafuta watu. Ilikuwa inawazaa nyumbani.

Mtu anaweza kusema: basi hesabu imezaa wema, tatizo liko wapi? Liko katika swali la matunzo hayo yalikuwa mali ya nani, na jibu lilitoka mapema mno. Sera haijafikisha miaka mitatu, mdororo wa uchumi wa dunia ukaangusha bei ya shaba. Kati ya 1930 na 1932 Union Minière ilipunguza wafanyakazi wake Waafrika zaidi ya nusu. Nyumba, posho, zahanati, yote yalikuwa yamefungwa kwenye namba ya kazi. Namba ikifutwa, mtu anarudi kuwa mgeni mjini. Bei ilipopanda, watu wakaandikwa upya. Miaka michache baadaye, vita vya pili vya dunia vikiitaka shaba ya Katanga usiku na mchana huku mishahara ikiachwa nyuma na bei za sokoni, wafanyakazi walifanya jambo ambalo hesabu haikuwa na safu yake. Waligoma. Tarehe 9 Desemba 1941 wagomaji walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, askari wakawafyatulia risasi, na msemaji wao Léonard Mpoyi alikuwa miongoni mwa waliouawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, lakini kwa vyovyote ni makumi. Kwa macho ya filamu, hii ndiyo siku ya ukatili na miaka iliyotangulia ilikuwa ya wema. Nionavyo, ni mpango ule ule. Mtoto anayelishwa na mgomaji anayepigwa risasi waliandikwa katika daftari moja, na daftari lilijua kazi tu, halikujua mtu anayeweza kusema hapana.

Wenye mji walilielewa hilo bila kusoma kitabu cha Mottoulle. Miaka ile ya ukoloni ilienea kambini na mitaani habari ya batumbula, watu wa usiku waliosemekana kutumwa na wazungu kukamata watu weusi. Masimulizi yanatofautiana, ila kiini chake kilisikika pande nyingi za Kongo: mtu ananaswa gizani, akili inamtoka, anafungiwa, analishwa mpaka anenepe, anageuzwa nyama, analiwa. Rik Ceyssens aliyachambua mwaka 1975 kama hekaya ya wanaoonewa, na Mmarekani Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, aliyasoma pamoja na habari za mumiani za Kenya, Uganda na Rhodesia ya Kaskazini. Maofisa wa kikoloni waliyaita ushirikina. Ukiyasoma leo kando ya Ishiguro, yanasimama yenyewe kama bunilizi ya kisayansi, na bunilizi iliyokomaa: ina teknolojia ya kupumbaza, ina mahali pa siri pa kuwaweka watu, na juu ya yote ina chakula. Mtumbula halishi kwa upendo wala kwa chuki. Analisha kwa sababu anajua bei ya nyama. Watu waliokuwa wanapanga mstari wa posho walikuwa na sababu ya kujiuliza kwa nini mwenye kampuni anahangaika hivyo na uzito wa watoto wao, na jibu walilolipa umbo la hadithi lilikuwa karibu na ukweli kuliko ripoti nyingi za wakati huo.

Uhuru ulikuja, Union Minière ikataifishwa mwanzoni mwa 1967, na jina la Gécamines likaja baadaye kuchukua nafasi yake katika mioyo ya watu pamoja na kila kitu: kambi, hospitali, shule, posho. Wafanyakazi waliizoea kampuni kama baba na mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyekusanya maisha yao kwa miaka mingi, alikipa kitabu chake cha 2001 jina linalowataja Bana Shaba kama watoto walioachwa na baba yao. Namna walivyoachwa inajulikana. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mashine hazikununuliwa, pesa zililiwa Kinshasa, mgodi wa Kamoto ulianguka Septemba 1990, na kufika katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilikoma kwa miezi na miezi. Halafu mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mkupuo mmoja wa pesa, na mpango ukaitwa départs volontaires, kuondoka kwa hiari. Ishiguro asingelichagua neno jingine. Katika kitabu chake wanaokatwa viungo nao wanaitwa watoaji. Mtu ambaye hajalipwa mwaka na zaidi, anayewekewa mezani karatasi ya kuondoka na pesa kidogo, ni kweli anatia sahihi mwenyewe. Wengi walitia sahihi, wakalipa madeni, na baada ya muda mfupi hawakuwa na mshahara, hospitali ya kampuni wala karo ya watoto.

Kwenye miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya reli, mlima mweusi wa taka za tanuri uliokuwa umerundikwa kwa miongo kando ya bomba refu la moshi uligunduliwa upya. Ndani ya taka zile mlikuwa na kobalti ambayo mitambo ya zamani haikuweza kuitoa. Groupe Forrest, kampuni ya Kimarekani OM Group na Gécamines yenyewe wakajenga kiwanda, mlima ukaanza kumegwa na kuyeyushwa tena, na mali ikasafirishwa hadi Finland kusafishwa. Hapa sihitaji mwandishi wa bunilizi. Taka zilipimwa, zikaonekana bado zina thamani, zikarudiwa. Watu walioziyeyusha mara ya kwanza walipimwa wakati ule ule, kwa kalamu ile ile, wakaonekana wamekwisha.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wazee wenyewe, nalo ni zito. Wengi wao wanaikumbuka enzi ya kampuni kwa hamu, na mwanaanthropolojia Benjamin Rubbers, aliyewasikiliza waliokuwa wafanyakazi wa Gécamines, amelieleza jambo hili kwa kirefu. Walikula, walivaa, watoto walisoma, mke alijifungua hospitali bila kuulizwa pesa. Nani amekaa mezani leo kuwaambia kwamba walikuwa wananenepeshwa? Nakubali kwamba maisha yale yalikuwa mazuri kuliko yaliyofuata, na sioni ubaya kuyatamani. Ila kuyatamani hakupingani na hoja. Kathy, msimulizi wa Ishiguro, naye anaipenda Hailsham mpaka ukurasa wa mwisho, na ana haki. Hakupata kitu kingine. Anayesema shule ilikuwa nzuri na anayesema shule ilikuwa ghala la viungo wote wawili wanasema kweli. Ugumu uko katika kuzibeba kweli mbili pamoja. Siasa za Katanga kwa muda mrefu zimebeba moja tu: tupewe baba mwingine. Mwekezaji akija anaulizwa atajenga zahanati ngapi, mara chache anaulizwa zahanati itakuwa ya nani siku akiondoka. Tangu mwaka 2018 sheria ya madini inamtaka atenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa jamii za eneo lake. Ni hatua, na ni bora kuliko posho kwa sababu inatajwa kama haki. Lakini nayo inasimama mgodi unaposimama.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Vipi useme chuki si mwanzo, wakati Katanga iliona mwaka 1992 Likasi na 1993 Kolwezi watu wa asili ya Kasai wakifukuzwa majumbani kwao, mamia ya maelfu, wakilala vituoni kungoja treni, na wengi wakifia njiani? Walikuwa wakiitwa bilulu, wadudu, hadharani na kwenye mikutano ya siasa. Filamu ya Neill Blomkamp ya 2009, District 9, ambamo wageni kutoka angani wanafungiwa kambini Johannesburg na kuitwa kwa jina la mdudu, inaonyesha jinsi jina la namna hiyo linavyofungua milango yote mingine, na Blomkamp alikuwa na historia ya Afrika Kusini ya kumfundisha. Siwezi kuipunguza chuki ile, wala wajibu wa wanasiasa walioichochea. Nasema tu itazamwe tarehe yake. Wakasai walikuwa wameletwa au wamevutwa Katanga na kampuni na reli tangu miaka ya 1920, na wajukuu wao hawakuwa na kwao kwingine. Kwa miongo waliishi kambi moja na wengine, walioana, waligombana, kama majirani wanavyogombana. Kufukuzwa kulikuja baada ya Kamoto kuanguka na mishahara kukoma, wakati kazi zilizobaki hazikutosha na kila mtu alijua kwamba wengine lazima wawe wa ziada. Hesabu ilikwisha kutoa jibu kwamba watu wamezidi. Chuki ikaja kuchagua ni akina nani. Ndiyo maana siamini kwamba kuhubiri upendo baina ya makabila, jambo jema lenyewe, kunagusa mzizi. Bei ikianguka tena, jina jingine la mdudu litapatikana.

Kutoka hapo tunafika kwa wachimbaji wa mikono, wanaoitwa mjini bacreuseurs, na kwa upande wa hadithi tunatoka kwa Ishiguro tunaingia Snowpiercer, filamu ya mwaka 2013 ya Bong Joon-ho. Dunia imeganda, waliobaki wanaishi ndani ya treni isiyosimama, matajiri mbele na maskini nyuma. Mwishoni siri inafunuka: kipuri cha injini kimekwisha duniani, na mahali pake anawekwa mtoto, kwa kuwa mtoto tu ndiye anayeenea katika nafasi ile. Amnesty International na Afrewatch, shirika lenye makao yake hapa Lubumbashi, walitoa Januari 2016 ripoti kuhusu kobalti ya kusini mwa Kongo. Walinukuu makadirio ya UNICEF ya watoto wapatao 40,000 wakifanya kazi migodini upande huu. Wapo wanaookota, wanaoosha, wanaobeba. Kwa wakubwa, matundu marefu yasiyo na nguzo. Juni 2019, katika eneo la kampuni tanzu ya Glencore huko Kolwezi, ukuta wa machimbo uliporomoka na kuua 43, na baada ya msiba jeshi likapelekwa kuwaondoa waliobaki hai. Sinzo Aanza, katika riwaya yake Généalogie d'une banalité ya 2015, aliwaza mtaa wa Lubumbashi ambao wakazi wake wanachimba shaba chini ya vitanda vyao. Kasulo, Kolwezi, ilikuwa tayari inafanya hivyo tangu 2014, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na ununuzi wa madini yake ukapewa kampuni moja ya Kichina. Mwandishi alidhani anatia chumvi. Hakuwa ametia ya kutosha.

Tofauti kati ya Snowpiercer na Kolwezi ni kwamba kwenye treni yuko mtu mmoja, mwenye injini, anayejua mtoto yuko wapi. Shujaa anainua ubao wa sakafu na kumwona. Desemba 2019 familia kadhaa za Kongo zilijaribu kuinua ubao wa namna hiyo katika mahakama ya Washington: zilizishtaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla kwa ajili ya watoto waliokufa au kuvunjika migodini. Kesi ilitupwa 2021, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ikathibitisha. Kwa kifupi, majaji walisema kununua bidhaa inayopita mikono mingi sokoni si kushiriki katika kosa la aliye mwanzo wa mnyororo. Kisheria yawezekana wana hoja. Na hoja hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwamba mfumo wa leo umemzidi Mottoulle. Yeye alilazimika kulisha, kwa sababu mtu alikuwa kwenye daftari lake na kufa kwake kulikuwa hasara ya kampuni. Mchimbaji wa mikono hayumo daftarini mwa mtu. Anapovunjika mgongo hakuna hasara inayoandikwa popote. Siku ya pili gunia linaletwa na mwingine, bei ile ile. Wanaosema yeye amechagua mwenyewe, na kwamba siku nzuri anapata zaidi ya mwalimu, wanasema jambo la kweli. Anachagua, na anachagua kwa akili. Lakini hiari iliyobaki baada ya kampuni kufunga, shule kudai pesa na shamba kupimwa likapewa mwenye kibali ni hiari yenye mlango mmoja, na tumekwisha kuiona mwaka 2003.

Wapo watakaosema haya yote ni kuazima. Bunilizi za kisayansi ni za wazungu na Wakorea, sisi tuna shida halisi, tuandike uhalisia. Hili ni pingamizi jepesi kuliko mawili ya kwanza, maana batumbula walikuja kabla ya Ishiguro kuzaliwa. Kiswahili pia kina yake. Mkenya Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kesi na serikali ya Moi, aliandika Walenisi, iliyotoka 1995: mtu aliyehukumiwa afe anatiwa ndani ya chombo cha angani ili apotelee huko, naye anakiendesha mpaka sayari ambayo hakuna anayetupwa, na jina la sayari, ukilikata vipande, linasema wale ni sisi. Wanuri Kahiu, katika filamu fupi ya Pumzi ya 2009, alionyesha mji uliojifungia baada ya vita vya maji, ambamo maji ya jasho yanakusanywa na umeme unatoka kwenye misuli ya watu. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ya 2021, ambayo Kiswahili kinasikika ndani yake pamoja na Kirundi na Kinyarwanda, inaanza na mchimba koltani anayeuawa kwa kusimama kidogo na kulitazama jiwe alilolishika. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alijenga katika Tram 83 ya 2014 mji-nchi wa machimbo na baa ambao hauhitaji tarehe ya karne ijayo ili uwe wa kutisha. Nazipenda kazi hizi, na nina lalamiko moja. Karibu zote zinaanza baada ya matunzo kwisha. Mji umekwisha kuharibika, mgodi umekwisha kuwa kaburi. Riwaya ninayoingoja kutoka Katanga ingeanza asubuhi ya mwaka kama 1955, kwenye kantini ya watoto, mtoto ameshiba, nesi anacheka, uzito umeandikwa kwenye kadi, na mwandishi ana uvumilivu wa kutuacha tufurahi kurasa mia moja.

Sehemu ya mwisho ya riwaya hiyo ingeandikwa kwa habari za sasa. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na Oktoba ikaweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka 2026 na nyingine kama hizo 2027. Kwa muuzaji ni uamuzi wenye akili. Wakati huo huo viwanda vya magari, China hasa, vimehamia betri za chuma na fosfati ambazo hazina hata chembe ya kobalti, na kufika mwaka 2024 zilikuwa tayari zinakaribia nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani. Kobalti ikipanda bei mno, uhamaji huo utaharakishwa. Ikishuka mno, mgodi wa mikono haulipi. Mwaka 1930 Union Minière ilipowaona watu wamezidi ilijua ni wangapi, na mwaka 2003 Gécamines ilikuwa na majina yao, kambi zao na miaka yao ya kazi, hata wakaweza kuunda umoja na kudai. Betri zikibadilika kabisa, wachimbaji wa Kasulo na wa machimbo yote ya kutoka Kolwezi mpaka viungani mwa Lubumbashi watakuwa wamepunguzwa kazi na watu ambao hawakuwahi kuwaajiri, na barua ya kuwaarifu haitakuwa na anwani ya kupelekwa.